Ng'ombe wa Mukashema

Inspekta Nduwayo alipofika Niboye, mtaa wa Kigali, asubuhi ile, kesi ilikuwa imekwisha kuamuliwa bila yeye. Mshukiwa alikuwa kasho, yaani mahabusu ya komini, serikali ya mtaa. Kisu kilikuwa mezani kwa polisi. Mlalamikaji, suti ya kijivu na tai shingoni, sigara mkononi, alikuwa akitazama saa yake kila mara, utadhani wizara nzima kule Kacyiru imefungwa ikimsubiri yeye na ufunguo. Kilichobaki, polisi wa komini alimweleza inspekta, ni sahihi tu.

"Na ng'ombe?" Nduwayo aliuliza huku akiegesha pikipiki.

"Ng'ombe bado iko hai, shefu. Lakini Bwana Évode anasema ichinjwe sasa hivi, nyama isiharibike."

"Mtu asimguse mpaka nimwone."

Polisi aliinama kuficha tabasamu. Habari za inspekta huyu zilikuwa zimemtangulia. Mwaka uliopita, kule Gatenga, mtu mmoja alimnyonga mbwa wake kwa waya akamwacha ananing'inia mlangoni. Hakuna aliyefungua faili, kwani mbwa ni mbwa. Kabla mvua hazijaisha faili ikafunguliwa, ya mke wa mtu yule, na waya ulikuwa uleule. Tangu hapo Nduwayo hakuacha kesi ya mnyama impite, na ofisini kwa mwendesha mashtaka wakambatiza jina la Inspekta wa Mbuzi. Walicheka sana. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Ng'ombe alikuwa nyuma ya nyumba, amelala ubavu kwenye banda safi la mbao. Alikuwa wa rangi ya kahawia, pembe ndefu, na jina lake Gaju. Mguu wa nyuma ulikuwa umekatwa kano, damu imeganda kwenye majani.

"Voilà," alisema Évode Nsabimana. "Tazama ubaya wa watu, inspekta. Usumani, yule mchinjaji wa Biryogo, jana mchana alikuja hapa kutaka kununua. Mimi nikakataa. Usiku anarudi, anakata mguu, apate kununua kwa bei ya mzoga. C'est clair, non? Si wazi?"

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye baa, Kicukiro, na watu wa kazini. Nilirudi hapa kila mtu amelala."

"Na madamu?"

"Alikuwa amelala. Yeye hana habari ya kitu."

Nduwayo alipiga magoti kwenye majani. Gaju alimtazama, akapumua kwa nguvu, akamwacha ashike mguu. Jeraha halikuwa moja. Kisu kilikuwa kimepita mara ya kwanza kwenye ngozi tu, kikapita mara ya pili ndani kidogo, na mara ya mwisho ndipo kikafika kwenye kano. Mwizi wa nyama huwa na haraka, tena ya kuogopa pembe na majirani. Aliyekata hapa hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa akifurahia.

Inspekta aliendelea kupapasa. Nyuma ya sikio aliona vidoa vya mviringo ambavyo havioti manyoya, vya ukubwa wa ncha ya kidole. Kimoja kilikuwa kimepona zamani, kingine kilikuwa bado chekundu.

"Hivi je?"

"Dawa ya kupe," Évode alijibu. "Mwaka huu walituuzia kali mno." Akachuchumaa na kunyoosha mkono kuonyesha.

Gaju alijivuta nyuma. Mguu mbovu ukiburuzika, macho yamemtoka, alijisukuma mpaka pembe zikagonga ukuta wa mbao, na hapo akabaki akitetemeka mwili mzima.

"Anakuogopa?"

"Ni maumivu, inspekta. Mnyama mwenye maumivu hajui mtu."

"Mbona mimi mgeni ameniacha nimshike?"

Évode alisimama akakung'uta suruali. Alisema kuwa yeye ni karani wa wizara, si daktari wa mifugo.

Waliingia sebuleni kuandika maelezo. Palikuwa na viti vya vitambaa vya kufuma, picha ya Bikira Maria, na pembeni kimeza chenye redio kubwa iliyofunikwa kitambaa cheupe. Nduwayo alitaka kuweka kofia yake ya pikipiki pale. Évode aliruka kama aliyeumwa na siafu.

"Pardon! Si hapo. Redio hiyo haiguswi na mtu. Hata mke wangu haigusi. Hata vumbi nafuta mimi mwenyewe."

Nduwayo akaweka kofia sakafuni, akaandika. Évode aliyasoma maelezo yake mara mbili, akasahihisha tahajia, akaongeza sentensi moja kwa mkono wake: kwamba anataka aliyetenda unyama huu aadhibiwe kwa nguvu zote za sheria. Akatia sahihi yenye mikia mingi.

"Swali dogo la mwisho. Ng'ombe huyu ulimpata wapi?"

"Ni indongoranyo. Alinipa mkwe wangu, mzee Bigirimana wa Kinyinya, tulipooana."

Kalamu ya Nduwayo ilisimama. Indongoranyo ni ng'ombe ambaye baba ya bibi arusi, akishapokea mahari, anawarudishia maharusi waanze naye maisha. "Basi umeshampelekea habari mzee?"

"Bado. Nitamwambia tukishachinja."

Hapo ndipo inspekta alipoanza kumtilia shaka yule mwenye suti badala ya yule mwenye kisu. Ukipewa ng'ombe na mtu, akizaa unamwambia aliyekupa; akiugua unamwambia; akifa unamwambia yeye kabla ya jirani, kabla ya padri, na kabla ya polisi mara mia. Hata mlevi wa Niboye asingekosea hapo. Kwa nini karani msomi, aliyepata muda wa kufunga tai, ameanza na polisi? Mzee akiitwa atakuja. Akija atamwona ng'ombe. Na akishamwona ng'ombe, nani mwingine atamwona?

Usumani alikuwa amekaa kwenye sakafu ya kasho, kofia yake ya Kiislamu imekunjwa kiganjani.

"Inspekta, mimi nimezaliwa Biryogo, na baba yangu kazaliwa Biryogo, msikitini wananijua..."

"Na mimi nimekulia Nyamirambo, Usumani. Msikiti naujua. Niambie habari za jana."

"Jana Nsabimana aliniita mwenyewe. Anataka kuuza ng'ombe. Tukaelewana bei, tukashikana mikono."

"Yeye anasema alikataa."

"Hakukataa yeye! Mama wa nyumba ndiye alitoka jikoni akasema, 'Huyu hauzwi. Huyu ni wa baba.' Kasema mbele yangu, na mbele ya watu waliokuwa wanapita njiani."

"Mume akafanyaje?"

"Alicheka. Akaniambia, 'Nenda zako Usumani, madamu ameamua.' Wallahi, inspekta, kicheko kile sikukipenda. Niliondoka mbio kama mtu aliyeiba."

"Mbona hukumweleza polisi haya?"

"Polisi waliuliza kisu kiko wapi. Nikawaonyesha kisu."

Nduwayo alirudi Niboye akaanza na jirani wa karibu kabisa. Illuminée alikuwa mjane wa makamo, muuza maharage, na nyumba yake ilitengana na ya Évode kwa ua wa vichaka vya miyenzi tu. Alikuwa uani akipepeta maharage kwenye ungo.

"Mama, jana jioni ulisikia ng'ombe akilia?"

"Aa, sikusikia kitu. Redio ya Évode ilikuwa juu sana. Nani atasikia ng'ombe?"

"Ilikuwa juu tangu lini?"

"Tangu giza inaingia, mupaka tumerara."

"Basi Évode alikuwa nyumbani."

Ungo ulisimama. Mama yule alikuwa amejikwaa na amejua kwamba amejikwaa. "Mimi nimesema redio," alisema polepole. "Sijasema mutu."

"Huwa inapanda hivyo mara nyingi?"

"Inspekta, mambo ya nyumba ya watu ni ya nyumba ya watu. Siku hizi ukisema sana wanakuuliza uko chama gani. Niache na maharage yangu."

Nduwayo alipita nyumba nyingine za jirani, akakuta uziwi uleule. Mmoja alikuwa na homa, mwingine alikuwa safarini, wa tatu alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, kama anayejiuliza mgeni huyu ametumwa na nani, kisha akasema yeye ni mgeni pia. Mwaka ule watu wa Kigali walikuwa wamezoea kupima neno kabla ya kulitoa, na wengi waliona ni nafuu kutolitoa kabisa.

Mukashema, mke wa Évode, alikuwa jikoni, kibanda cha nje chenye moshi. Alikuwa mwanamke mwembamba, na alikuwa akisonga ugali kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefichwa ndani ya kitenge alichojifunga begani.

"Mkono umefanya nini, mama?"

"Niliteleza kisimani."

"Na ng'ombe, naye aliteleza?"

Aliinua uso kwa mara ya kwanza. Akanong'ona, "Évode iko wapi?"

"Barazani."

"Basi niliteleza."

Nduwayo hakumshurutisha. Aliujua ukuta ule. Ungeweza kuugonga kutwa nzima, na jioni anayelipia kugonga kwako angekuwa huyu huyu mwenye mkono uliofichwa. Aliuliza jambo moja tu. "Baba yako amepelekewa habari ya Gaju?"

"Évode amenikataza." Alikandamiza mwiko kwenye sufuria. "Ni ng'ombe ya baba, na amenikataza."

Inspekta alimwita polisi, akampa funguo za pikipiki yake mwenyewe. "Nenda Kinyinya kwa mzee Bigirimana. Mwambie: ng'ombe wako wa Niboye hasimami. Usiongeze neno. Mlete, na ukipita komini uamuru Usumani aletwe hapa."

Pikipiki iliponguruma, Évode alitoka barazani. "Anakwenda wapi?"

"Kinyinya. Nimekusaidia kumpelekea mkwe wako habari."

"Nani amekuomba?" Safari hii hapakuwa na "pardon" wala "voilà". Uso ulikuwa umembadilika, midomo imekauka. Alijaribu kutabasamu. "Mimi ninachelewa, inspekta. Kacyiru wananingoja."

"Watangoja."

Mzee Bigirimana alifika alasiri, ameshika kofia kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, vumbi la barabara limempaka mpaka kwenye nyusi. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja bandani, akamwita Gaju kwa jina, akamsemesha maneno ya chini chini. Ng'ombe akanyoosha shingo. Mkono wa mzee ulipita usoni mwake, ukapita pembe, ukafika nyuma ya sikio, ukasimama.

"Mukashema," aliita.

Évode alitangulia. "Databukwe, baba mkwe, mimi ndiye naweza kueleza vizuri..."

"Sijakuita wewe. Nimempa ng'ombe binti yangu amtunze. Yeye ndiye atanieleza ng'ombe wangu."

Nduwayo alirudi nyuma hatua chache, akaegemea nguzo. Ni kwa ajili ya hili alikuwa ametoa pikipiki yake. Mwanamke anaweza kumdanganya polisi, akamdanganya padri na jirani, kuhusu mkono wake mwenyewe. Kumdanganya aliyekupa ng'ombe kuhusu ng'ombe wake, akiwa amesimama mbele yako na mkono juu ya kovu, ni jambo ambalo Mukashema hakulelewa kulifanya.

"Hii ya nyuma ya sikio?" mzee aliuliza.

"Ni ya Pasaka, baba. Nilichelewa kutoka misani."

"Na hii?"

"Siku chakula kiliungua."

"Na hii nyingine?"

"Nilipokuja kwako, baba. Nilipokuja ukanirudisha."

Mkono wa mzee ulibaki palepale kwenye sikio. Alifumba macho, akayafumbua. "Na mguu?"

"Jana. Nilisema mbele ya mchinjaji kwamba hauzwi."

"Nani amekata?"

Alimtazama mumewe, kisha ng'ombe. "Mimi nilishika taa," alisema. "Alinishikisha taa. Akasema nitazame vizuri, kwa sababu ng'ombe ina miguu mine na mimi niko na miwili."

Mzee Bigirimana hakupiga kelele. Alinyanyuka kwa kuegemea fimbo, akaondoa kitenge begani mwa binti yake taratibu, akautazama mkono uliovimba kifundoni, na juu kidogo, vidoa vya mviringo vya kuchomwa sigara, vingine vimepona na vingine bado vyekundu. Havikuhitaji maelezo, kwani alikuwa ametoka kuvisoma sasa hivi nyuma ya sikio la Gaju.

Évode alicheka. Nduwayo akakielewa kile kicheko alichoambiwa na Usumani. "Bon. Ng'ombe wangu, mke wangu, nyumba yangu. Nimevunja sheria gani, inspekta?"

"Hiyo uliyoitaja asubuhi." Nduwayo alitoa maelezo mfukoni. "Aliyetenda unyama huu aadhibiwe kwa nguvu zote za sheria. Mwandiko wako, sahihi yako. Na Usumani amelala kasho kwa uongo wako. Ulisema ulikuwa baa. Redio yako ilikuwa inapiga kelele tangu giza kuingia, na umeniambia mwenyewe kwamba haiguswi na mtu mwingine."

Kicheko kilikatika. Polisi akamfunga pingu, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutabasamu alipomtazama inspekta.

Usumani aliletwa, akarudishiwa kisu chake. Mzee ndiye aliyemwomba, kwa sauti ya kuombea mgonjwa, amalize mateso ya Gaju. Mukashema alishika kichwa cha ng'ombe kwa mkono mmoja akimsemesha. Usumani alitaja jina la Mungu wake, akakata mara moja. Kisha akageuka upande, akafuta uso kwa mkono wa kanzu.

"Atafungwa?" mzee aliuliza, akimtazama Évode aliyekalishwa kwenye jiwe karibu na njia.

Nduwayo hakupenda kumdanganya. "Kwa ng'ombe na kwa uongo, kidogo. Ana watu wake wizarani. Kwa binti yako, mwendesha mashtaka ataniuliza nani aliona na nani alisikia. Nikimwambia ni mke peke yake, atasema hayo ni ya ndani ya nyumba, na faili ataitupa."

"Kwa hiyo atatoka," alisema Mukashema.

"Bila shahidi, atatoka."

"Na Kinyinya si mbali."

"Si mbali."

Mzee alimwambia binti yake akusanye nguo, kwamba safari hii harudishwi na mtu yeyote, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua kwamba ana fimbo tu mkononi.

Nduwayo aliingia sebuleni kuchukua redio iwe kielelezo. Aliondoa kile kitambaa cheupe. Alitaka kuona sauti iliachwa wapi jana, ili aiandike, kwa hiyo hakugusa kitufe kingine ila kile cha kuwashia.

Redio ililipuka. Sauti ya mtangazaji akisoma matangazo ya vifo ilijaa chumba, ikatoka madirishani, ikamwagika uani na kuvuka miyenzi. Mukashema, aliyekuwa mlangoni na bunda la nguo, aliruka akajibanza ukutani, mkono mbele ya uso.

Inspekta alikimbilia kuizima. Kisha mkono wake ukasimama hewani, kwa kuwa kupitia dirishani alikuwa amemwona Illuminée. Mjane yule aliacha ungo wake wa maharage, akainuka bila kutazama kulia wala kushoto, akaingia ndani, akafunga dirisha. Nyumba ya pili, ile ya mwenye homa, dirisha likafungwa. Juu kidogo, kwa yule aliyesema ni mgeni, mama mmoja alitoka akawavuta watoto wake kwa mkono, na mlango ukafungwa nyuma yao. Jua lilikuwa bado linawaka. Hakuna aliyewaambia wafunge.

"Ndivyo wanavyofanya," Mukashema alisema kutoka ukutani. "Kila mara akiipandisha ili nisisikike."

Nduwayo hakuizima redio. Alitoka nayo ikinguruma mpaka katikati ya uwanja, akaiweka chini, akatoa kalamu, na akaanza kuandika nyumba za mashahidi wake, moja baada ya nyingine, akianza na dirisha la Illuminée.